Tuisheni ya hisabati huku Mbagala: miezi mitano ya kujifunza mabaki, maoni yangu kama mzazi

Habari zenu wazazi wenzangu. Hii naiandika kwa wenye watoto la sita na la saba, hasa wale ambao mtoto akikutana na swali lenye neno "linabaki" analiruka anaenda la mbele, maana wa kwangu alikuwa hivo hivo mpaka mwezi wa pili mwaka huu, na leo baada ya miezi mitano naona ni haki nieleze hela yangu imeenda wapi na nimepata nini. Tuisheni yenyewe ipo Mbagala, banda la mabati nyuma ya nyumba ya mwalimu. Sitaweka jina lake wala namba ya simu kwa sababu kaniomba mwenyewe, darasa limeshajaa na hataki watoto wakae chini. Ila namna anavyofundisha naweza kuieleza, na hicho ndo kitu cha kukiulizia popote utakapompeleka mwanao.

Mimi nauza mayai ya jumla. Trei ni mayai 30, kwahiyo kugawanya ndo maisha yangu ya kila siku, mtu akija na ndoo ya mayai ya kienyeji nahesabu zinatoka trei ngapi na yanabaki mangapi, yanayobaki nayaweka pembeni yanasubiri ya kesho. Ndo maana ilikuwa inaniuma kuona mtoto wangu mwenyewe, anayeshinda kwenye mayai kila wikiendi, anapata sifuri kwenye maswali ya kugawanya.

Kabla ya hapa alikuwa tuisheni nyingine, hiyo naiacha bila jina, wakampa karatasi imejaa kanuni za kugawanya, kanuni ya 2, kanuni ya 3, kanuni ya 4 mpaka ya 11, akaambiwa akariri. Akakariri kweli, usiku anazisema kama shairi. Alafu ukaja mtihani wa majaribio, swali linasema tafuta baki la 2,060 ukigawanya kwa 7. Mtoto akatumia kanuni ya 7 aliyofundishwa, ile ya kuchukua tarakimu ya mwisho, kuizidisha mara mbili na kuitoa kwenye zilizobaki. Kwahiyo 206 toa 0 ni 206, alafu 20 toa 12 ni 8, alafu 8 kwa 7 inabaki 1. Akaandika 1. Jibu ni 2. Akakosa, akaja nyumbani analia anasema "mama nimefuata kanuni kabisa", nikaangalia daftari na kweli kafuata, nikaenda kuwauliza, wakanijibu mtoto hajui kutumia kanuni. Nikaondoka hapo sielewi nani mkosaji.

Huyu mwalimu wa sasa nilipomwonesha hilo daftari alilisoma taratibu akaniambia "mama mayai, mtoto hana kosa, aliyeandika karatasi kasahau kusema kitu kimoja." Akaeleza kuwa kanuni ya 7 inajibu swali moja tu, namba inagawanyika au haigawanyiki. Inafanya kazi kwa sababu ukitoa mara mbili ya tarakimu ya mwisho ni kama umetoa ile tarakimu mara 21, na 21 ni 7 mara tatu, kwahiyo kama namba ilikuwa inagawanyika kwa 7 itaendelea kugawanyika. Ila njiani umedondosha sifuri, yani umegawanya kwa 10 bila kusema, na hapo baki linabadilika. Akatoa mfano na 100, ukigawanya kwa 7 inabaki 2, ukitumia kanuni unapata 10 na 10 inabaki 3. Ukiwa na 2,058 kanuni inakupa 205 toa 16 ni 189, alafu 18 toa 18 ni 0, sawa, inagawanyika, 7 mara 294. Kanuni ya 3 na ya 9 hazina shida hiyo, zile zinakupa na baki lenyewe. Kumbe kanuni zote hazifanani, na mtoto aliyezikariri zote kwa wimbo mmoja hawezi kujua ipi ni ipi. Siku ile ile nikamwandikisha.

Sasa niwaambie ukweli, wiki ya kwanza nilikasirika. Mtoto anarudi nyumbani daftari jeupe, nauliza mmefanya nini anasema tumecheza na maharage. Siku ya tatu nikaenda kukaa nyuma ya banda nione mwenyewe.

Mwalimu ana kopo la maharage makavu. Kila mtoto anachota mkono mmoja bila kuhesabu, anapanga mafungu ya tano tano mezani, alafu mwalimu anapita anayakusanya mafungu yote yaliyokamilika anayarudisha kwenye kopo. Mezani zinabaki punje chache tu, mmoja ana 3, mwingine ana 4, mwingine hana kitu. Anawaambia yaliyorudi koponi sahauni, sisi kazi yetu ni hizi zilizobaki. Alafu anauliza, wewe mwenye 3 na wewe mwenye 4, mngeunganisha maharage yenu yote tangu mwanzo mngebaki na ngapi? Watoto wa mwanzo wanataka kurudi koponi wahesabu upya. Mmoja wa kike akasema hapana, 3 na 4 ni 7, toa tano, tunabaki na 2. Mwalimu hakusema vizuri wala nini, akauliza tu darasa zima, je mafungu yaliyorudi koponi yalikuwa na kazi yoyote? Hayakuwa na kazi. Alafu wakaenda kuzidisha, mwenye baki 3 angekuwa na maharage mara nne ya aliyochota angebaki na ngapi, 3 mara 4 ni 12, inabaki 2. Nilikaa pale nikaona kitu ambacho nakifanya dukani kila siku bila kujua kina jina.

Wiki nzima ilikuwa hiyo, hakuna kanuni hata moja. Kama na wewe mzazi una haraka kama mimi utaona hela inapotea. Subiri.

Wiki ya pili ndo kanuni zikaja, na zikaja kama mtoto kaziokota mwenyewe. Wanachukua 4,728 kwa 9. Mwalimu anauliza 10 kwa 9 inabaki ngapi, 1. 100? 99 na 1, inabaki 1. 1,000? 999 na 1, inabaki 1. Basi elfu nne ni nne zimebaki, mia saba ni saba zimebaki, ishirini ni mbili, na nane yake. 4 na 7 na 2 na 8 ni 21, na 21 kwa 9 inabaki 3. Ndo baki la 4,728, kagueni, 9 mara 525 ni 4,725. Kwa 3 nayo ni hivo hivo maana 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa 3, na 21 inagawanyika, kwahiyo 4,728 inagawanyika kwa 3. Kanuni ya 4 kuangalia tarakimu mbili za mwisho tu? Kwa sababu 100 ni 4 mara 25, mamia yote yanarudi koponi. Ya 8 tatu za mwisho, kwa sababu 1,000 ni 8 mara 125. Mwanangu alinieleza hii ya 8 akiwa anaosha vyombo, bila daftari, nikamwacha aendelee kuongea mpaka vyombo vikaisha.

Ya 11 ndo ilikuwa mtihani kidogo, na hapo mwalimu akaleta neno ambalo nadhani ndo siri yake kubwa: pungufu. 10 kwa 11 unaweza kusema inabaki 10, lakini ni rahisi zaidi kusema imepungua 1 kutimia fungu. 100 ni 99 na 1, imezidi 1. 1,000 ni 1,001 kasoro moja, na 1,001 ni 11 mara 91, kwahiyo imepungua 1. Inaenda hivo, zidi, pungua, zidi, pungua, na ndo maana unaanzia kulia unajumlisha na kutoa kwa zamu. 90,849, anza kulia, 9 toa 4 jumlisha 8 toa 0 jumlisha 9, ni 22, inagawanyika. 11 mara 8,259.

Hili neno pungufu linaokoa maswali mengi sana. Kuna swali linapenda kutokea, tafuta namba ndogo kabisa ambayo ukigawanya kwa 3 inabaki 2, kwa 4 inabaki 3, kwa 5 inabaki 4. Mtoto wa kukariri anaanza kujaribu namba moja moja. Mtoto wa huyu mwalimu anaona hapo hapo kuwa zote zimepungukiwa na moja, ongeza moja na zote zinakamilika, KDS (kigawe kidogo cha shirika, yani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya 3, 4 na 5 ni 60, toa ile moja, jibu 59. Mstari mmoja. Nililiona kwenye daftari la mwanangu limeandikwa hivo hivo "zote pungufu 1" alafu 60 toa 1.

Na lile la KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yani namba kubwa kabisa inayogawanya zote), tafuta namba kubwa kabisa inayogawanya 77 na 113 na kuacha baki 5 kila upande. Unatoa baki kwanza, zinakuwa 72 na 108, KKS yake 36, umemaliza. Kisha wanapandishiwa, namba tatu 43, 67 na 103 zinaacha baki moja lile lile lakini haujaambiwa ni ngapi, tafuta namba kubwa inayogawa. Hapa darasa lilikaa kimya siku mbili, mwalimu hakutoa jibu, aliwarudisha kwenye maharage, akasema kama mimi na wewe tumebaki na punje sawa, nikitoa changu kwenye chako inabaki nini? Inabaki mafungu matupu. 67 toa 43 ni 24, 103 toa 67 ni 36, KKS ni 12, na ukikagua zote zinabaki 7. Siku mbili kwa swali moja, kuna wazazi walilalamika, mimi naona hela yangu ilifanya kazi zaidi siku hizo mbili kuliko siku zote.

Sasa kuna somo moja la siku za wiki ambalo nataka kulieleza vizuri maana lilinigusa. Mwalimu aliwauliza kwa nini tunasema Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mosi, pili, tatu, nne, tano. Hesabu imo kwenye jina! Waingereza wana majina tu ila sisi siku zetu zina namba, Jumamosi ni 1, Jumapili 2, mpaka Jumatano 5, Alhamisi ni ya 6 japo jina lake la Kiarabu linatokana na tano yao, maana wao wanaanza kuhesabu Jumapili, na Ijumaa ni ya 7, ambayo ukigawanya kwa saba ni 0, fungu limekamilika. Kwahiyo ukiulizwa leo Jumanne baada ya siku 100 itakuwa siku gani, 4 jumlisha 100 ni 104, kwa 7 inabaki 6, Alhamisi. Huhesabu vidole wala hufungui kalenda.

Alafu wakafanya ya Uhuru. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Jumamosi. Swali, 9 Desemba 2025 ilikuwa siku gani? Mwaka una siku 365, ukigawanya kwa 7 inabaki 1, yani kila mwaka tarehe inasogea siku moja, mwaka mrefu wenye 29 Februari inasogea mbili. Miaka 64 imepita, ndani yake miaka mirefu kuanzia 1964 mpaka 2024 ni 16. Jumamosi ni 1, jumlisha 64, jumlisha 16, ni 81. 81 toa 77 ni 4. Jumanne. Wakafungua simu ya mwalimu wakakuta Jumanne na banda zima likapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Kuna mtoto akauliza je miaka ya mia mia, mwalimu akaeleza kuwa 1900 haukuwa mwaka mrefu japo unagawanyika kwa 4, kwa sababu miaka ya mia lazima igawanyike kwa 400, ndo maana 2000 ulikuwa mrefu na 1900 hapana, na hiyo ilipangwa kwenye marekebisho ya kalenda ya mwaka 1582. Jioni ile mwanangu alinipigia hesabu ya siku niliyomzaa akaniambia "mama mimi nilizaliwa Alhamisi". Ilikuwa Alhamisi kweli, nakumbuka kabisa, na sikuwahi kumwambia.

Niende kwenye la mayai, maana mwalimu aliliita swali la mama mayai na nilipeleka trei zangu mwenyewe darasani. Mama ana mayai kwenye kapu. Akiyapanga mawili mawili linabaki 1, matatu matatu linabaki 1, manne manne linabaki 1, matano matano linabaki 1, sita sita linabaki 1, ila akiyapanga saba saba hayabaki kabisa. Yako mangapi, kwa uchache? Ukilitoa lile moja, yaliyobaki yanagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6, KDS yake 60. Kwahiyo mayai ni 61, au 121, au 181, inaendelea, sasa ipi inagawanyika kwa 7? Watoto wakaandika mabaki ubaoni, 61 inabaki 5, 121 inabaki 2, 181 inabaki 6, 241 inabaki 3, 301 inabaki 0. Jibu 301, yani trei 10 na yai moja mkononi.

Mwingine angefuta ubao hapo. Huyu akawaambia angalieni tena 5, 2, 6, 3, 0, mnaona nini? Kila hatua inaongezeka 4, ikivuka saba inatolewa saba, 5 na 4 ni 9 inakuwa 2, 2 na 4 ni 6, 6 na 4 ni 10 inakuwa 3, 3 na 4 ni 7 inakuwa 0. Kwa nini 4? Kwa sababu 60 kwa 7 inabaki 4. Kwahiyo haukuwa na haja ya kugawanya namba kubwa hata moja, ungetembea na mabaki tu mpaka ufike sifuri. Yale yale ya maharage ya wiki ya kwanza yamerudi na mwanangu akanigeukia pale nilipokaa akanikonyeza.

Na jibu linalofuata baada ya 301? Unaongeza KDS ya 60 na 7 ambayo ni 420, unapata 721. Hapo mwalimu akasimulia kuwa swali hili la kubaki 1 kwa 2 mpaka 6 na kutobaki kwa 7 alilishughulikia Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra huko Iraki, miaka elfu moja iliyopita, na njia yake mojawapo ilikuwa kuzidisha 1 kwa 2 kwa 3 kwa 4 kwa 5 kwa 6, unapata 720, ukiongeza 1 ni 721. Kwa 2 mpaka 6 lazima ibaki 1 maana zote zimo ndani ya zile zilizozidishwa. Na kwa 7 inagawanyika, 7 mara 103. Mwalimu akasema inatokea hivo kwa namba tasa zote (zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu), ukizidisha zote zilizo chini yake ukaongeza 1 inagawanyika kwa hiyo namba tasa, jaribuni na 5, 1 kwa 2 kwa 3 kwa 4 ni 24, ongeza 1 ni 25. Watoto wakajaribu na 3, 1 kwa 2 ni 2, ongeza 1 ni 3. Wakajaribu na 6 ambayo sio tasa, 120 na 1 ni 121, ikakataa. Kwa nini iko hivo hakuwaambia, alisema hiyo mtaikuta mbele, na naona hapo alifanya sawa, wengine wangewabebesha mzigo.

Lile la Wachina wa kale nalo walipewa, kwa 3 inabaki 2, kwa 5 inabaki 3, kwa 7 inabaki 2, jibu 23. Wameona kwa 3 na kwa 7 mabaki ni sawa, basi ni 21 na 2, na 23 kwa 5 inabaki 3, fasta. Na la tarakimu ya mwisho ya 7 iliyozidishwa yenyewe mara 50, inazunguka 7, 9, 3, 1, mzunguko wa nne, 50 kwa 4 inabaki 2, ya pili ni 9. Haya mawili hawakuchukua hata nusu saa, mwezi wa pili wangelia.

Faida niliyopata mimi mwenyewe ni hii. Mwezi wa tano nilinunua trei 37 kwa 8,500, jumla ni 314,500, ila kwenye daftari nikaandika 341,500, usiku nimechoka. Mtoto ana kawaida sasa ya kukagua daftari langu kwa tisa. 37 ni 3 na 7, 10, ni 1. 8,500 ni 13, ni 4. 1 mara 4 ni 4. Jumla niliyoandika, 3 na 4 na 1 na 5, 13, ni 4. Imepita. Akasema lakini mama mwalimu kasema tisa haizioni namba zilizobadilishana viti, ngoja nijaribu kumi na moja. 37 ni 7 toa 3, 4. 8,500 ni 5 toa 8, pungufu 3. 4 mara pungufu 3 ni pungufu 12, ukirudisha fungu moja ni pungufu 1. Ya kwangu, kutoka kulia, 5 toa 1 jumlisha 4 toa 3 ni 5. Haikubali. Tukazidisha upya tukaona nilipokosea, na alinionesha na kitu kingine, tofauti ya 341,500 na 314,500 ni 27,000, inagawanyika kwa 9, na kila ukibadilisha viti vya tarakimu, ile tofauti itagawanyika kwa 9. Tangu hapo jumla yangu na hela ya sandukuni zikipishana kitu cha kwanza naangalia kama tofauti inagawanyika kwa tisa, kama inagawanyika natafuta tarakimu zilizopishana. Mimi niliishia la saba na nimefanya biashara miaka 14 bila kujua hii.

Mapungufu yapo na nayasema. Watoto ni wengi kwa lile banda, mwezi wa pili walikuwa 22 sasa ni 38, benchi ya watu wanne wanakaa sita, anayekaa nyuma mkono wa kushoto ubao unamulikwa na jua la jioni haoni kitu, mwanangu kakosa kunakili mara mbili tatu kwa sababu hiyo. Mabati yanachemka, mpeni mtoto chupa ya maji. Mvua ikinyesha masomo yanasimama, haisikiki sauti, na mwezi wa nne tulipoteza siku nyingi tu. Mwalimu hatoi karatasi za maswali, kila kitu kinaandikwa kwa mkono, mtoto mwenye mwandiko wa taratibu atabaki nyuma, nimemwambia hili na amesema ataanza kutoa nakala ila mpaka leo bado. Alafu hafundishi mbinu za kuchagua jibu haraka, kama mtoto wako ana wiki tatu tu kabla ya mtihani na hajui hata majedwali ya kuzidisha, hapa hapatakusaidia, mpeleke sehemu ya mazoezi ya mitihani iliyopita. Huyu anahitaji muda. Miezi miwili ya kwanza alama za mwanangu hazikupanda hata kidogo, mwezi wa tatu tangu aanze zilipanda kidogo, kuanzia wa nne ndo nikaanza kuona.

Bei ni shilingi 1,000 kwa siku, siku nne kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi saa 10 mpaka 12 jioni, Jumamosi asubuhi saa 2 mpaka saa 5. Ukilipa mwezi mzima ni 15,000. Kwa mitaa yetu sio bei ya chini, ila watoto wawili wa nyumba moja wa pili analipa nusu, na kuna wawili ninaowajua wanaosoma bure kabisa kwa sababu mwalimu anajua hali ya kwao, hakuwahi kuwataja mbele ya wenzao na mimi nilijua kwa bahati tu.

Ukienda kutafuta tuisheni kwingine, chukua lile swali la 2,060 kwa 7 uende nalo. Mwambie mwalimu mtoto wangu katumia kanuni ya saba kapata baki 1, na jibu ni 2, shida ni nini? Akikueleza umepata mwalimu, akikwambia mtoto hakukariri vizuri beba mkoba wako uondoke.

Baada ya mtihani wa la saba anafungua darasa la kujiandaa na fomu wani, maana kule hisabati inageuka Kiingereza, KDS wanaiita LCM na baki linapata jina lingine, na watoto wengi wazuri wanadondokea hapo sio kwa sababu hawajui hesabu. Anasema ataanza na maharage yale yale, ila safari hii wanaongea Kiingereza. Nimeshalipia mwezi wa kwanza, na kopo nitalijaza mimi, la sasa limebaki nusu, panya wamelivamia.